Mpungate katika Hori la Mbuzi wa Maziwa

Mpungate, ambao wengine huuita dungusi kakati, ni mmea wa jenasi ya Opuntia uliotoka bara la Amerika. Kinachoonekana kama jani lake nene la kijani kwa kweli ni shina lililobapika, na kila bapa huzaa jingine juu yake hadi kichaka kinapita kimo cha mtu. Spishi inayolimwa zaidi ni Opuntia ficus-indica. Wenyeji wa Meksiko waliilima kabla Wahispania hawajafika, na baada ya hapo ikavuka bahari hadi Hispania, Sicilia, Tunisia, Ethiopia, Afrika Kusini na Madagaska. Sehemu nyingi huitaka kwa matunda yake. Makala haya yanahusu mabapa: mbuzi wa maziwa anapoyala, nini hutokea tumboni mwake na nini hutokea katika maziwa anayokamuliwa.

Jibu fupi ni kwamba mpungate ni maji na nguvu. Hauna miujiza ya kujaza ndoo. Kazi yake ni kuzuia maziwa yasikatike kiangazi. Hata kazi hiyo huifanya pale tu unapowekwa horini pamoja na majani makavu na chanzo cha protini.

Kaskazini-Mashariki mwa Brazil

Hakuna mahali ambapo ulishaji huu umezoeleka na kuchunguzwa kama Kaskazini-Mashariki mwa Brazil. Huko kuna nyanda kame za Sertão, na uoto wake wa Caatinga hupukutisha karibu majani yote mvua zinapokoma. Katika jimbo la Paraíba, eneo la Cariri ni kitovu cha maziwa ya mbuzi nchini humo. Mji wake wa Cabaceiras unahesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua chache kabisa Brazil, na una tamasha lake la kumtawaza beberu kuwa mfalme. Wafugaji wa huko wana Saanen, Alpine, Anglo-Nubian na machotara wao na mbuzi wa kienyeji. Sehemu ya maziwa yao hununuliwa kwa mpango wa serikali na kugawiwa kwa familia maskini, kwa hiyo yanatakiwa kila siku, masika na kiangazi.

Mpungate haukuletwa Brazil kwa ajili ya mbuzi. Wareno walitaka kufuga juu yake mdudu aitwaye Dactylopius coccus, ambaye hutoa rangi nyekundu ya kutia nguo. Biashara hiyo ya rangi haikusimama, mmea ukabaki kuwa pambo la bustani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo wafugaji wakaanza kuukatia mifugo. Ukame mkali wa 1932 uliifanya serikali ihimize upandaji wake. Leo unapandwa kwa safu, unawekewa samadi, unapaliliwa na kukatwa kwa ratiba, sawa na zao lolote la shamba. Ukame mrefu ulioanza 2012 ulipoiacha Caatinga bila jani, mashamba ya mpungate yaliokoa mifugo mingi pale ambapo yenyewe hayakuwa yameshambuliwa na mdudu, jambo ambalo tutalirudia.

Siri ya mmea

Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana ili kuvuta kaboni dioksidi, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji kwenye jua kali. Mpungate hufungua vyake usiku, hewa ikiwa imepoa. Hukusanya kaboni dioksidi, huihifadhi ndani ya bapa kama asidi ya maliki, kisha mchana hufunga vitundu na kuigeuza kuwa sukari kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana, ili kujenga kilo moja ya mada kavu, yaani uzito unaobaki maji yote yakiisha kukauka, hutumia maji mara kadhaa pungufu kuliko nyasi au mahindi. Bapa lililokatwa alfajiri huwa chachu kwa asidi iliyokusanywa usiku kucha. La alasiri asidi yake imepungua.

Utaratibu huo huo una masharti yake. Mmea unaofanya kazi usiku unahitaji usiku wenye ubaridi. Penye joto kali usiku kucha mpungate hudumaa hata kama mvua inatosha, na ndiyo sababu katika Sertão yenyewe kuna mabonde ya joto ambako haustawi vizuri. Pia hauvumilii maji yaliyotuama, na hulipa sana unapowekewa samadi. Wanaousifu kuwa unaota popote bila matunzo huwa wameuona porini. Shamba la kulisha mbuzi wa kukamuliwa ni jambo jingine.

Kilichomo ndani ya bapa

Katika kilo 10 za mabapa mabichi, kilo 9 hivi ni maji. Masika maji huzidi hapo; kiangazi kikiwa kikali mada kavu hupanda hadi asilimia 15 au zaidi. Ndani ya mada kavu hiyo, protini kwa kawaida ni asilimia 4 hadi 6 tu. Nyuzinyuzi ni robo hivi, wakati nyasi zilizokauka huwa na theluthi mbili au zaidi. Nusu au zaidi ya mada kavu ni sukari, wanga, pektini na ule ute unaoteleza bapa likikatwa, vitu ambavyo huyeyuka na kuchachuka upesi tumboni. Kwa upande wa nguvu, basi, mpungate uko karibu na nafaka kuliko nyasi, ingawa kwa macho ni jani la kijani. Makosa mengi ya ulishaji huanzia hapa: mfugaji huuhesabu kama majani, akaondoa nyasi horini, wakati angepaswa kuuhesabu kama pumba zilizoloweshwa maji mengi.

Madini ni mengi, asilimia 10 hadi 20 ya mada kavu, lakini mpangilio wake si mzuri kwa mnyama anayetoa maziwa. Kalisi imejaa na fosforasi ni haba. Uwiano wa viwili hivyo, ambao kwa mbuzi wa maziwa unafaa kuwa kati ya 1 kwa 1 na 2 kwa 1, kwenye mpungate unaweza kupita 20 kwa 1. Tena sehemu kubwa ya kalisi imeshikwa na oksaleti, kwa hiyo mbuzi hafaidiki nayo yote. Potasiamu na magnesiamu ni nyingi, sodiamu ni kidogo. Mbuzi anayekula mpungate bila jiwe la chumvi na bila pumba, ambazo zina fosforasi ya kutosha, hatimaye ataonyesha upungufu huo kwenye mifupa, kwenye uzazi na kwenye maziwa.

Maji yanayolika

Maziwa ya mbuzi ni maji kwa asilimia 87 hivi. Mbuzi aliyekosa maji hupunguza maziwa upesi, na mfugaji wa nchi kavu anajua kwamba kiangazi kazi ya kutafuta maji huweza kuwa kubwa kuliko ya kutafuta chakula. Tuchukue mbuzi wa kilo 50 anayetoa lita 2 kwa siku na kula kilo 2 za mada kavu. Akipata asilimia 40 ya mada kavu hiyo kutoka kwenye mpungate, atakula gramu 800 kavu, ambazo ni kilo 8 za mabapa mabichi. Ndani yake kuna lita 7 na zaidi za maji. Hayo ni maji safi, yaliyochujwa na mmea wenyewe, na hayakubebwa kichwani wala kwa punda.

Katika majaribio ya Tunisia, kondoo waliolishwa mabua na mpungate walipunguza kunywa kadiri mpungate ulivyoongezwa, hadi wakakaribia kuacha kabisa. Kwa mbuzi wa maziwa wa Brazil imeonekana hivyo hivyo: unywaji hushuka sana, lakini jumla ya maji yanayoingia mwilini hupanda. Ziada hiyo hutoka kwa mkojo na kwa kinyesi laini. Hata hivyo ndoo ya maji isiondolewe bandani. Potasiamu nyingi inahitaji maji ya kuitoa, siku za joto hazifanani, na mbuzi anayenyonyesha mapacha hawezi kukisiwa. Aachiwe maji, aamue mwenyewe.

Rumeni na mafuta ya maziwa

Sehemu hii ndiyo inayobishaniwa zaidi, na inastahili kuelezwa polepole.

Mafuta ya maziwa hujengwa ndani ya kiwele. Karibu nusu ya asidi zake za mafuta hutengenezwa pale pale, na malighafi kuu ni asidi ya asetiki inayotokana na kuchachuka kwa nyuzinyuzi katika tumbo la kwanza, yaani rumeni. Nyingine huchukuliwa kutoka kwenye damu, zikiwa zimetoka kwenye chakula au kwenye mafuta ya mwili wa mbuzi mwenyewe. Nyuzi ndefu zina kazi ya pili: humlazimisha mbuzi kucheua. Anapocheua humeza mate mengi, na mate yana magadi ya asili yanayozuia rumeni isiwe chachu kupita kiasi.

Sasa mpungate uwekwe kwa wingi na nyasi ziondolewe. Mbuzi hula haraka, hacheui vya kutosha, mate hupungua, na chakula hupita tumboni upesi kabla hakijasagwa vizuri. Vijidudu vinavyomeng'enya nyuzi hulegea, asidi ya asetiki ikapungua. Zaidi ya hapo, vijidudu vilivyobaki hubadili namna vinavyoyashughulikia mafuta ya mimea, na baadhi ya asidi za mafuta zinazotokea kwa njia hiyo mpya zikifika kiweleni huzuia utengenezaji wa mafuta. Matokeo ni maziwa mepesi. Ng'ombe huathiriwa sana na hali hii. Mbuzi ni mvumilivu zaidi, ingawa hakingiki kabisa.

Lakini kuna jambo linaloutetea mpungate. Sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye pektini, na pektini haichachuki kama wanga wa mahindi. Wanga ukizidi huzaa asidi ya laktiki, inayochachusha rumeni kwa ghafla, na asidi ya propioniki kwa wingi. Pektini huzaa zaidi asidi ya asetiki, ile ile inayojenga mafuta ya maziwa, na haileti asidi ya laktiki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mpungate uliowekwa mahali pa mahindi unaweza hata kuipumzisha rumeni, wakati mpungate ule ule ukiwekwa mahali pa nyasi kavu huivuruga.

Hapo ndipo unapopatikana ufunguo wa matokeo yanayoonekana kupingana. Swali la kwanza la kuuliza mbele ya jaribio lolote ni hili: mpungate uliwekwa mahali pa nini? Katika majaribio ya Paraíba kwa mbuzi wa Alpine, uliwekwa hatua kwa hatua mahali pa mahindi hadi kupita robo ya mada kavu yote, na maziwa hayakupungua. Kwa mfugaji mdogo hiyo ni habari kubwa, kwa sababu mahindi hununuliwa na mpungate umesimama nyuma ya nyumba. Unapochukua mahali pa nyasi, mafuta hushuka na kinyesi hulainika. Na unapoongezwa juu ya mabua makavu ambayo ndiyo yalikuwa chakula pekee, maziwa hupanda, kwa sababu rahisi kwamba mbuzi alikuwa na njaa. Jaribio la Tunisia lililochapishwa 2012 lilitoa picha ya wastani: mbuzi walioongezewa mpungate usio na miiba walitoa maziwa kidogo zaidi kuliko wenzao, tofauti isiyotosha kuaminika kitakwimu, na muundo wa maziwa haukubadilika. Watoto wa mbuzi waliolishwa mpungate katika utafiti huo, nyama yao ilikuwa na asidi za mafuta zisizokolea kwa wingi zaidi.

Protini, laktosi, ladha

Laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye maziwa, na kiwango chake hakitikisiki kirahisi. Mpungate haukibadilishi. Protini ya maziwa hufuata nguvu na naitrojeni zinazofika rumeni kwa wakati mmoja. Sukari ya mpungate huachiliwa haraka. Ikikutana na protini inayoyeyuka haraka, vijidudu huzaliana kwa wingi na kuwa chakula cha mbuzi mwenyewe vinapoteremka kwenye matumbo yanayofuata. Ikikosa mwenzake, nguvu hiyo hupotea bure. Ndiyo sababu mpungate na mti jamii ya kunde, kama lukina au gliriksidia, hufaana sana kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Brazil hutumia pia urea, na kwa ng'ombe imefaulu. Kwa mbuzi kosa dogo la kipimo huua, kwa hiyo isitumiwe bila mtaalamu wa mifugo kusimamia.

Wengi huogopa kwamba mmea wenye ute na harufu ya majani mabichi utayatia maziwa ladha. Vikundi vya waonjaji nchini Brazil, vilivyopewa maziwa na jibini za mbuzi waliolishwa mpungate na jamii nyingine za kakati, havikukuta dosari hiyo. Harufu inayolalamikiwa katika maziwa ya mbuzi hutokana na asidi fupi za mafuta, kaproiki, kapriliki na kapriki, na zaidi ya hapo hutokana na beberu kukaa karibu na majike, vyombo vichafu na maziwa kucheleweshwa kupozwa. Rangi nayo haibadiliki. Mpungate una karotini nyingi, lakini mbuzi huigeuza kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye maziwa, ndiyo maana maziwa yake huwa meupe pepe hata anapokula majani mabichi tupu. Kwa mtengenezaji wa jibini lililo muhimu ni mafuta na kaseini. Mgawo ukiwa na nyuzi za kutosha, haoni tofauti katika uzito wa jibini anayopata.

Mgawo na utayarishaji

Turudi kwa mbuzi wetu wa kilo 50 na lita 2. Anahitaji zaidi ya gramu 200 za protini kwa siku. Kilo 8 za mpungate zinampa gramu 40. Mada kavu iliyobaki, kilo 1.2, lazima ibebe pengo lote, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu huweka mabua ya mahindi matupu. Mgawo unaotosha unaweza kuwa gramu 700 za nyasi kavu nzuri, gramu 300 za mashudu ya pamba na gramu 200 za pumba, pamoja na mpungate. Nyasi zitatoa gramu 56 za protini, mashudu yenye asilimia 35 yatatoa 105, pumba 28 hivi, na jumla pamoja na mpungate inapita 220. Nyasi hizo ndizo zinazolinda mafuta, kwa hiyo zisipunguzwe kufidia gharama ya mashudu. Asiye na mashudu aweke majani makavu ya lukina au gliriksidia, kwa kiasi kikubwa zaidi kwa kuwa protini yake ni pungufu.

Kwa mbuzi anayekamuliwa ni busara mpungate usipite asilimia 40 hadi 50 ya mada kavu. Mbuzi aliyekauka maziwa anaweza kuvumilia zaidi kwa muda wa dhiki, lakini akilishwa mpungate peke yake huharisha, hupungua uzito na mwishowe huanguka. Kinyesi ni kipimo ambacho kila mfugaji anacho: kikiacha kuwa vibonge na kuwa uji, mpungate umezidi au nyasi zimepungua. Uanze na kilo moja kwa siku, upandishe kwa wiki mbili, ili vijidudu vya rumeni vipate kuzoea.

Mabapa hukatwa kwenye kiungo kwa kisu kikali, yakiachwa yale ya chini ili mmea uchipue tena. Shamba jipya hungoja kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo hakuna anayeweza kupanda ukame ukishafika. Mabapa mazima hukaa kivulini hadi wiki mbili bila kuharibika sana. Yakishakatwakatwa yalishwe siku hiyo hiyo. Yakatwe vipande vidogo na kuchanganywa na nyasi zilizokatwa, maana mbuzi ni mchaguzi na akipewa vitu mbalimbali atamaliza kitamu kwanza. Pia yanaweza kusindikwa. Ute na maji mengi hufanya sileji ya mpungate pekee kuwa ngumu, lakini yakichanganywa na mabua au pumba za ngano na kushindiliwa bila hewa hutoka sileji nzuri. Tunisia huchanganya na makapi ya zeituni.

Miiba, wadudu, na Afrika Mashariki

Aina zisizo na miiba ndizo zinazofaa kwa ufugaji. Luther Burbank alizitangaza kwa kishindo huko Marekani mwaka 1907, ingawa aina za namna hiyo zilikuwepo kabla yake. Hupandwa kwa bapa. Mbegu haifai, kwa kuwa miche yake huweza kurudi kwenye miiba. Penye mpungate wa miiba tu, kama Texas na kaskazini mwa Meksiko, miiba huunguzwa kwa moto kabla mifugo haijala. Hatari kubwa iko kwenye vijimiiba vidogo vilivyokaa kama manyoya, ambavyo havionekani kwa urahisi na huchoma midomo, ulimi na matumbo.

Kenya inaijua hatari hiyo vizuri. Katika Laikipia, Opuntia stricta na Opuntia engelmannii zimevamia malisho ya wafugaji. Mbuzi hula matunda na mabapa kwa njaa, vijimiiba huwaingia mdomoni na tumboni, hupata vidonda, hushindwa kula na wengi hufa. Tembo na nyani hueneza mbegu. Ili kuupunguza mmea huo, katika muongo wa 2010 aliachiliwa huko mdudu Dactylopius opuntiae wa aina inayoshambulia stricta. Huyu ni ndugu wa mdudu wa rangi. Aina nyingine ya mdudu huyo huyo ndiyo iliyofyonza na kuua mashamba ya mpungate wa kufugia katika majimbo ya Pernambuco na Paraíba, na Brazil ikalazimika kupanda upya kwa aina zinazomstahimili. Mdudu wa rangi mwenyewe naye aliingizwa Tigray, Ethiopia, kwa mradi wa biashara, akatoroka na kuharibu mpungate ambao watu na mifugo walikuwa wanautegemea.

Kuna jambo hapa ambalo linapaswa kusemwa waziwazi. Mojawapo ya aina zinazosifiwa sana Brazil kwa kumstahimili mdudu huyo, iitwayo Orelha de Elefante Mexicana, huwekwa na wataalamu wengi wa huko chini ya Opuntia stricta, spishi ile ile inayoangamiza malisho ya Laikipia. Mtu atakayeileta Kenya au Tanzania kwa nia njema ya kulisha mbuzi anaweza kuwa ameleta adui nyumbani kwa jirani yake mfugaji.

Mbuzi wa maziwa wa Afrika Mashariki walianza kuenea katika milima yenye mvua: Toggenburg Meru, Alpine Nyeri, mbuzi wa Norway huko Mgeta, Morogoro. Huko majani yapo na mpungate hauna kazi kubwa. Wanaouhitaji ni wale wa nchi kavu, Kitui, Tharaka, Kongwa, ambako kiangazi hufuta maziwa kwa miezi. Kwao ushauri ni huu. Pandeni Opuntia ficus-indica isiyo na miiba, kwa mabapa yaliyokaguliwa, na msivushe mpaka bapa hata moja bila idhini ya taasisi ya afya ya mimea. Chagueni mahali ambapo usiku hupoa na maji hayatuami. Kateni matunda kabla ndege na nyani hawajayafikia. Na msipande safu ya pili ya mpungate kabla hamjapanda safu ya kwanza ya lukina au gliriksidia na kuhifadhi nyasi kavu za kutosha kiangazi kizima.